Shajara ya mradi: kichanja cha kukaushia omena, pamoja na sababu zake

Januari

Kikundi chetu cha utafiti wa usanifu wa kihandisi, hapa Kisumu, kina kazi mbili zinazokwenda pamoja katika mradi huu. Ya kwanza ni kusanifu kifaa cha kukaushia omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, ambacho fundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo isiyo rasmi, ataweza kukiunda kwa vyuma na mbao zinazopatikana madukani mjini. Ya pili, ambayo ndiyo kazi yetu ya kitaaluma hasa, ni kuchunguza namna kifaa hicho kinavyosanifiwa: nani anauliza swali gani, majibu yapi yanapendekezwa, hoja ipi inashinda, na baada ya miezi kadhaa ni kipi kinachokumbukwa na kipi kimepotea. Kwa hiyo shajara hii ni sehemu ya data ya utafiti, na kila uamuzi unaandikwa humu pamoja na sababu yake kabla sababu hiyo haijapoa.

Mtindo wa kuandika tumeuchukua kwa Horst Rittel na Werner Kunz, ambao mwaka 1970 walipendekeza mfumo wa kumbukumbu unaojengwa juu ya masuala. Suala huwekwa wazi, misimamo mbalimbali huorodheshwa chini yake, kisha hoja za kuunga mkono na za kupinga huandikwa chini ya kila msimamo. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge wazo hilo lilizaa programu ya kompyuta iitwayo DRed, ambayo wahandisi wa Rolls-Royce waliitumia kuhifadhi sababu za maamuzi yao. Sisi tunatumia madaftari yenye safu tatu, yaani swali, jibu na hoja, kwa sababu daftari halihitaji umeme ufuoni na kwa sababu fundi au mchuuzi anaweza kuandika humo kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Dholuo.

Utafiti mwingi kuhusu namna wasanifu wanavyofikiri umefanyika chumbani. Mfano unaotajwa sana ni warsha ya Delft, Uholanzi, ya mwaka 1994, ambapo watafiti wa nchi mbalimbali walichambua rekodi zilezile za video: msanifu mmoja akifanya kazi peke yake huku akitamka mawazo yake, na timu ya watu watatu, wote wakiwa wamepewa kazi ya kusanifu kifaa cha kubebea shanta kwenye baiskeli kwa muda wa saa mbili. Rekodi zile zimefundisha mengi, na uchambuzi wake tunawasomesha wanafunzi wetu hadi leo. Hata hivyo, ndani ya saa mbili bei ya chuma haipandi, mvua hainyeshi, wala mteja harudi kusema kwamba sasa anataka kitu kingine. Mambo hayo ndiyo tunayotaka kuyaona yakitendeka.

Februari

Tumeanzia ufuoni, karibu na Dunga, kabla ya kuchora chochote. Omena huvuliwa usiku kwa taa, hasa katika siku za giza mwezi usipoonekana, na mashua hurudi asubuhi. Akina mama wachuuzi hununua kwa ndoo au kwa karai, huosha, kisha huanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani au kwenye nyasi. Jua likiwaka sawasawa, omena iliyoanikwa asubuhi inaweza kuanuliwa jioni. Mvua ikiikuta katikati, hulowa upya na kuanza kuharibika, na hata isipooza huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha mifugo. Mchanga nao hushusha bei kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa mlaji anayetafuna changarawe hamrudii muuzaji yule.

Wanafunzi wa mwaka wa tano walipendekeza kikaushio cha jua kilichofungwa, yaani handaki la karatasi ya nailoni lenye sakafu nyeusi, hewa ikiingia chini na kutokea juu. Hesabu waliyoifanya ubaoni inastahili kuhifadhiwa hapa, kwa maana imekuwa ikitajwa katika kila mjadala uliofuata. Tukichukulia kwamba maji ni asilimia 75 ya uzito wa omena mbichi, na tunataka yabaki asilimia 12, kilo 10 za omena zina kilo 2.5 tu za vitu vikavu na mwishoni zitakuwa na uzito wa kilo 2.8 hivi. Maji ya kuondolewa ni takriban kilo 7.2. Kila kilo ya maji huhitaji karibu megajuli 2.4 ili igeuke mvuke, kwa hiyo jumla ni kama megajuli 17. Jua la Kisumu katika siku nzuri hushusha karibu megajuli 20 kwa kila mita ya mraba. Kikaushio sahili kikifaulu kufikisha asilimia 30 ya nishati hiyo kwenye maji, tunapata megajuli 6. Maana yake ni kwamba kilo 10 za omena, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu ya ndoo ya lita 20, zinataka karibu mita 3 za mraba.

Kikaushio hicho kina nguvu yake, na si haki kukidharau. Hewa yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 70 ikipashwa moto hadi nyuzi 40 bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 30, na hewa hiyo hunyonya maji kwa pupa. Hatari iko upande wa pili: joto likizidi mapema mno, ngozi ya samaki hukakamaa na kufungia maji ndani, ikaonekana imekauka ilhali kiini bado ni kibichi, na ukungu huota baadaye ndani ya gunia.

Mchuuzi mmoja mwenye umri mkubwa kuliko sote alisikiliza maelezo hayo hadi mwisho, kisha akamwambia mwanafunzi aliyeshika mchoro: "Mwanangu, jua ninalo tayari, na silinunui. Nisaidie kwa ile saa tisa ambapo wingu linafunga upande wa Nandi nami nina ndoo nane chini." Mwanafunzi akamuuliza, "Mama, sasa hivi huwa unafanyaje?" Akajibu kwamba huita watoto, hukunja nyavu, huburura, na kinachobaki humwachia Mungu.

Katika daftari, jibu lake limeandikwa katika safu ya swali. Tumelijadili kwa muda mrefu, na naamini hili ndilo tukio kubwa zaidi katika mwezi huu. Swali letu lilikuwa: omena itakaukaje haraka zaidi? Swali lake ni: nifanye nini nikiona wingu? Haya ni matatizo mawili ya kihandisi, na kila moja lina kifaa chake. La kwanza linaongoza kwenye joto, vioo, nailoni na mabomba ya hewa. La pili linaongoza kwenye paa linaloweza kuvutwa na mtu mmoja.

Machi

Orodha ya mahitaji imeandikwa upya pamoja na wachuuzi. Hitaji la kwanza sasa ni kufunika eneo lote haraka, mtu mmoja akifanya kazi hiyo bila msaada. La pili ni omena isiguse mchanga. La tatu ni mchuuzi aweze kuifikia omena yote kwa mkono akiwa amesimama, kwa maana omena hugeuzwa mara kwa mara. Kasi ya kukauka, iliyokuwa juu kabisa katika orodha ya Januari, imeshuka chini ya hayo.

Hitaji moja tusingelifikiria sisi wenyewe: kifaa kihamishike. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa hadi kuvuka rekodi ya mwaka 1964, na sehemu kubwa ya fuo za Kisumu, Dunga ikiwemo, zilifunikwa na maji. Wachuuzi waliokuwa na mabanda ya kudumu waliyapoteza. Tangu hapo hakuna anayetaka kuchimbia nguzo za saruji karibu na maji, na hoja hiyo haikupata mpinzani hata mmoja.

Kuchagua dhana tumetumia jedwali la Stuart Pugh, aliyekuwa profesa wa usanifu katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Uskoti. Dhana moja huwekwa kuwa kipimo cha kulinganishia, na nyingine zote hupewa alama ya kuongeza, ya kutoa, au ya kulingana, kwa kila kigezo. Kipimo chetu kilikuwa wavu uliotandazwa mchangani, kwa sababu ndicho kitu ambacho kifaa kipya kitashindana nacho kila asubuhi, na bei yake ni karibu bure. Pugh mwenyewe alisisitiza kwamba alama hizo hazikukusudiwa kujumlishwa kama mtihani. Kazi yake ni kuwafanya watu waone udhaifu wa kila dhana na kuunda nyingine iliyo bora, hatua kwa hatua, hadi dhana zikubaliane. Nasisitiza hili kwa sababu kila mwaka wanafunzi hujumlisha alama na kutangaza mshindi.

Wanafunzi walijaza jedwali peke yao, na wachuuzi wakajaza lao. Tofauti iliyotuvutia zaidi ilikuwa kwenye handaki la nailoni. Wanafunzi walilipa alama ya kuongeza katika usafi, kwa kuwa nzi hawaingii. Wachuuzi nao walikubali jambo hilo, lakini wakalipa alama ya kutoa katika kigezo ambacho wanafunzi hawakuwa wamekiandika kabisa, yaani kugeuza: handaki hufunguliwa ili omena igeuzwe, na kila linapofunguliwa joto lote hutoka. Kutokana na mazungumzo hayo ilizaliwa dhana ambayo haikuwemo katika jedwali lolote, nayo ni kichanja kilichoinuliwa hadi kiunoni, kikiwa na trei za wavu zinazoondoka, na kifuniko cha nailoni kilichoviringishwa juu ya mti upande mmoja, ambacho huvutwa kwa kamba kupita juu ya mgongo wa kichanja.

Aprili hadi Julai

Katika miezi hii uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka upande wa Kenya ili samaki wazaane. Kufungwa huko kunaangukia katika sehemu kubwa ya mvua za masika, jambo lenye uzito katika mpango wetu: majaribio ya mvua pamoja na omena yenyewe yatangoja mvua za vuli kuanzia Oktoba. Mvua ya Aprili na Mei tumeitumia kujaribu kifuniko kikiwa juu ya trei tupu.

Kazi ya kuunda ilifanyika katika karakana ya fundi mmoja wa jua kali, si mbali na Kibuye. Mchoro wetu ulionyesha trei ya mita 1 kwa mita 2. Fundi aliutazama, akapima paipu ya mraba iliyokuwa sakafuni, akasema: "Mwalimu, mzingo wa trei hii ni mita 6 kamili. Paipu ni mita 6 ikiwa una bahati. Nikikata pembe, disiki inakula, na nitakudai paipu ya pili kwa kipande cha sentimita chache." Alipendekeza mita 0.95 kwa mita 1.9, ambayo mzingo wake ni mita 5.7, na hivyo paipu moja inatosha trei moja. Tulikubali papo hapo. Trei sita zikipangwa ubavu kwa ubavu, kichanja kinakuwa na urefu wa mita 5.7 na upana wa mita 1.9, eneo la mita za mraba 10.8, linalotosha takriban ndoo mbili zikitandazwa kwa wepesi. Upana huo una faida ya pili: mchuuzi akisimama upande wowote, katikati ya kichanja ni sentimita 95 kutoka alipo, umbali ambao mkono unaufikia akiinama kidogo.

Kuhusu kutu, tulipendekeza paipu zilizopakwa zinki kiwandani. Fundi alikataa, na hoja zake ni nzuri. Joto la kuchomelea huunguza zinki mahali palepale pa kiungo, ambapo kutu huanzia, na moshi wake humtia mchomeleaji homa. Ametumia paipu nyeusi, akazisugua, kisha akazipaka rangi ya kuzuia kutu baada ya kuchomelea. Miguu ya kichanja ni ya mikaratusi, si ya chuma, kwa sababu mti ukioza mchuuzi ataubadilisha mwenyewe kwa panga na msumari bila kumtafuta fundi.

Kifuniko kilitupa kazi kubwa kuliko vyote. Kikiwa kimevutwa kina eneo la karibu mita 12 za mraba. Katika kimo cha Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, lakini upepo wa mita 15 kwa sekunde bado hukandamiza kwa takriban paskali 115. Ukiushika uso wote wa kifuniko, nguvu yake inafika niutoni 1,400, sawa na uzito wa kilo 140. Kichanja kinachohamishika hakina msingi wa kushindana na nguvu hiyo. Jibu lilitoka kwa akina mama: magunia manne ya mchanga, kila moja lisilopungua kilo 40, yaning'inizwe kwenye fremu, kisha yamwagwe kichanja kinapohamishwa. Maji ya mvua nayo yana hesabu yake. Mvua ya milimita 20 juu ya kichanja hiki ni zaidi ya lita 200, na nailoni iliyolegea ingeyakusanya katikati na kupasuka au kuangukia omena. Kwa sababu hiyo kamba ya mgongo imeinuliwa nusu mita juu ya trei, na mteremko unaopatikana pande zote mbili ni karibu nyuzi 28, unaotosha maji kuporomoka.

Agosti

Uvuvi umefunguliwa na vichanja vya kwanza vina omena. Usafi umeonekana mara moja, na wachuuzi wanasema wateja wa chakula wanaitambua omena isiyo na mchanga kwa kuitia mkononi tu. Wavu ulibonyea katikati ya trei, omena ikakusanyika hapo na kukauka kwa kuchelewa. Fundi ameongeza waya mbili za kukingama chini ya kila trei.

Jambo ninalotaka kulieleza kwa kirefu lilitokea katika ufuo mwingine. Mchuuzi aliyekiona kichanja chetu alimwomba fundi wake wa mbao amtengenezee kama hicho. Fundi huyo hakuwa na uhusiano wowote na mradi. Alipewa nakala ya mchoro, akaufuata kwa uangalifu, isipokuwa kwamba mbao zake zilikuwa ndefu kuliko paipu, akarefusha trei hadi mita 2.4. Kazi yake ilikuwa safi sana, viungo vimebana, miguu imenyooka. Lakini mchuuzi alishindwa kuifikia omena ya katikati, ikabidi mtoto wake atambae juu ya trei kuigeuza.

Tulizungumza na fundi huyo kwa utulivu. Alieleza kwamba aliwauliza watu kwa nini trei ni mita 1.9, akaambiwa ni kwa sababu ya urefu wa paipu. Kwa kuwa hakuwa akitumia paipu, sababu hiyo haikumhusu, na akawa huru kubadilisha kipimo. Alifikiri kama mhandisi. Tatizo ni kwamba kipimo kile kilikuwa na sababu mbili, paipu na mkono wa mchuuzi, na mchoro haukubeba hata moja kati yake. Ile ya paipu ilienea kwa mdomo kwa sababu inavutia kusimuliwa. Ile ya mkono ilibaki katika daftari letu, ukurasa wa Mei.

Kwa utafiti wetu, tukio hili lina thamani kuliko wiki nzima ya kurekodi mazungumzo. Vitabu vya usanifu hufundisha kwamba mchoro kamili una vipimo, mavumilio (yaani kosa dogo la kipimo linaloruhusiwa), malighafi na namna ya kuunganisha. Hayo yanatosha pale ambapo mchoro unakwenda kiwandani na kutekelezwa ulivyo. Mchoro unaoingia jua kali haukai ulivyo, na haupaswi kukaa, kwa maana fundi hununua kilichopo dukani siku ile na hubadilisha kinachobaki ili kioane nacho. Jiko la kauri la Kenya, lililoenea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya jiko la ndoo la Thailand kurekebishwa, lilisambaa kwa kunakiliwa namna hiyohiyo katika mikono ya mafundi, na baadhi ya nakala zilikuwa dhaifu, udongo wake ukipasuka mapema. Anayenakili anahitaji kujua ni kipimo gani anaweza kukigusa na ni kipi kinamshikilia mtu fulani ambaye hayuko karakanani.

Kwa hiyo tumechora upya. Kila kipimo muhimu sasa kina sentensi moja pembeni, kwa Kiswahili. Penye mita 1.9 pameandikwa: "Usizidishe. Mchuuzi lazima afike katikati kwa mkono. Unaweza kupunguza." Penye mita 0.95 pameandikwa: "Imetokana na paipu ya mita 6. Ukitumia mbao, badilisha upendavyo." Penye kimo cha kamba ya mgongo: "Usipunguze. Maji yatatuama." Mwanafunzi mmoja alihoji kwamba mchoro umejaa maneno na hauonekani wa kitaalamu. Hoja yake imeandikwa daftarini kama zilivyoandikwa nyingine. Msimamo wangu ni kwamba mchoro ni barua kwa mtu atakayeubadilisha, na barua ina haki ya kuwa na maneno.

Septemba

Tumefanya uchambuzi wa namna kifaa kinavyoweza kushindwa, kwa utaratibu ambao asili yake ni jeshi la Marekani mwaka 1949. Katika namna tunayoitumia sisi, kila hitilafu hupewa alama kuanzia 1 hadi 10 kwa ukubwa wa madhara, kwa wingi wa kutokea, na kwa ugumu wa kuigundua mapema, kisha alama hizo huzidishwa. Kamba kukwama ni hitilafu ya kawaida lakini huonekana mara moja. Iliyopanda juu katika orodha ni unyevu unaotanda chini ya nailoni pale kifuniko kinapoachwa usiku kucha juu ya omena iliyokauka nusu. Hakuna anayeuona, na ukungu hujitokeza siku omena iko sokoni. Tumeacha nafasi ya kiganja kimoja chini ya ukingo wa kifuniko ili hewa ipite, na sababu yake imeandikwa mchoroni.

Mvua za vuli zikianza, vichanja vitatumika pamoja na nyavu za mchangani kwenye ufuo huohuo, omena ikitoka katika mashua moja. Sampuli zitapimwa uzito zikianikwa na zikianuliwa, kisha zitakaushwa katika tanuri ya maabara kwa nyuzi 105 hadi uzito wake usibadilike tena, ili kiasi cha maji kijulikane badala ya kukisiwa kwa kuvunja samaki kwa vidole. Vipimajoto vitawekwa juu ya trei na chini ya nailoni, mchana na usiku.

Nakala za mchoro mpya zimepelekwa kwa mafundi watatu ambao hawajawahi kukiona kichanja, wawili wa chuma na mmoja wa mbao, na wameombwa wabadilishe chochote wanachoona kinafaa, mradi waandike sababu. Nakala ya kwanza kurudi imetoka kwa fundi wa mbao. Amefupisha trei hadi mita 1.7, akaandika pembeni kwamba mchuuzi aliyemwagiza ni mfupi.